Moyo unapojenga ukuta: historia ya maradhi na maneno yake

Kuna maneno matatu ambayo mkazi wa Nakuru huyasikia akienda kupimwa moyo: umefura, umepanuka, umekuwa mkubwa. Mhudumu mmoja hutumia hili, mwingine lile, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa ameyatia yote katika kapu moja. Juma hili nimeamua kuyaweka kando masuala ya ngeli na upatanisho wa kisarufi, nifuatilie historia ya jambo lililojificha nyuma ya maneno hayo: namna misuli ya moyo inavyonenepa, namna vimeng'enya na homoni zinavyoilinda au kuichochea inenepe, na namna wataalamu walivyohangaika kuvipa vitu hivyo majina. Nina sababu ya kufanya hivyo, nayo ni hii.

Kaka yangu mkubwa aliendesha matatu kati ya Nakuru na Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku moja alinipigia simu akaniambia, "Daktari amesema moyo umefura kwa sababu ya presha." Alipewa dawa za kumeza kila siku. Miezi kadhaa baadaye nilipomtembelea, nilimkuta ameziacha. Nilipomuuliza, alicheka. "Presha iliisha, Profesa. Si kijana alimaliza chuo, na ule mkopo wa gari nikaumaliza? Mimi siko na mawazo tena. Dawa ni ya nini?" Mwaka uliofuata alilazwa akihema kwa shida, miguu imevimba. Alipata nafuu, lakini usukani hakuushika tena.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemdanganya kaka yangu. Lililompotosha ni neno. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya, presha ina maana mbili. Kuna presha ya damu na kuna presha ya maisha: ya karo, ya kodi ya nyumba, ya mkubwa wa kazini. Tunasema "usinipe presha" na hatumaanishi damu hata kidogo. Kaka yangu aliambiwa habari ya presha ya kwanza, akaenda akaitibu ya pili. Na kwa kweli aliitibu vizuri, ila haikuwa ndiyo iliyokuwa ikimuumiza.

Turejee nyuma kidogo. Mnamo 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima shinikizo la damu Waafrika wapatao 1,000 huko magharibi mwa Kenya, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya wenyeji. Aliona jambo lililowashangaza wenzake wa Ulaya. Kule kwao shinikizo la damu lilizidi kupanda kadiri mtu alivyozeeka. Hapa halikufanya hivyo, na kwa wazee lilielekea kushuka. Kwa miaka mingi madaktari wa kikoloni waliamini kwamba maradhi haya si ya Mwafrika. Hata leo utamsikia mzee akisema kwamba presha ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Kauli hiyo haikutoka hewani. Palikuwa na wakati ilipokaribia kuwa kweli.

Lakini haikudumu. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake, waliokuwa Makerere, waliwachunguza vijana wa jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walioajiriwa jeshini. Kwao nyumbani vijana hao walikuwa na shinikizo la chini. Jeshini walikula chakula kingine, chenye chumvi nyingi zaidi, na shinikizo lao likapanda. Kisha mnamo 1990 ukachapishwa utafiti uliofuatilia Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Watafiti waliona kwamba shinikizo la wahamiaji lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu ya kuishi mjini, na mikojo yao ilionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, madini ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda. Damu ilikuwa ile ile ya ukoo ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Nakuru ni mji wa wahamiaji tangu asili yake. Reli ndiyo iliyouzaa, mashamba ya walowezi yakawaleta vibarua kutoka kila pembe, na baada ya uhuru wakaja wanunuzi wa mashamba, wafanyabiashara na wafanyakazi wa viwandani, mpaka ukatangazwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Kati ya 2007 na 2008 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na daktari wa macho, Wanjiku Mathenge, kiliwapima watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea katika eneo la Nakuru, mjini na mashambani. Karibu nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Hebu lilinganishe hilo na la Donnison. Chini ya miaka 80 imepita, nchi ni moja, na tumetoka kwenye "hakuna" tukafika kwenye "nusu ya wazee wetu".

Sasa tuingie ndani ya moyo wenyewe. Moyo wa mtu mzima una uzito wa takriban gramu 300, na ukuta wa chumba chake cha chini upande wa kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, una unene wa karibu sentimita moja. Mishipa ikikazika na shinikizo likipanda, chumba hicho hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila mpigo, usiku na mchana. Chembe za misuli ya moyo wa mtu mzima haziongezeki kwa idadi kiasi cha kutosha. Badala yake, kila chembe hunenepa. Ukuta unakuwa mnene. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao moyo hufuata methali hiyo neno kwa neno: ufa ukiachwa kwenye mishipa, ukuta hujengwa moyoni.

Mwanzoni ukuta huo ni msaada, maana mzigo hugawanywa kwa misuli mingi zaidi. Lakini ukuta mnene ni mgumu. Hautulii vizuri kupokea damu, vijishipa vinavyoulisha havitoshi, na makovu huanza kujipenyeza kati ya chembe. Mambo yakiendelea hivyo kwa miaka, misuli huchoka, chumba hutanuka, na moyo hulegea kama puto lililopulizwa mara nyingi. Hapo ndipo pumzi hukatika na miguu huvimba. Kwa hiyo kunenepa ni hatua moja na kupanuka ni hatua nyingine, na aghalabu ya kwanza hutangulia ya pili kwa miaka mingi. Anayesema "moyo umefura" kwa zote mbili anauficha wakati ambao mgonjwa bado angeweza kuokoka kwa urahisi.

Nani basi huiambia misuli inenepe? Jibu lilianza kupatikana mnamo 1898, pale Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman huko Stockholm walipochukua maji ya figo za sungura wakawadunga sungura wengine. Shinikizo lilipanda. Kitu hicho cha figo wakakiita renini. Wengi hawakukijali kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi viwili vilivyokuwa mbalimbali, kimoja cha Eduardo Braun-Menéndez huko Buenos Aires na kingine cha Irvine Page nchini Marekani, viligundua kwamba renini yenyewe haikazi mishipa. Kazi yake ni kukata protini inayotengenezwa na ini, na kipande kinachopatikana ndicho chanzo cha nguvu hiyo.

Hapa pana kisa kitakachowafurahisha wapenzi wa istilahi. Waajentina walikiita kitu hicho hipatensini, Wamarekani wakakiita anjiotonini. Kwa karibu miaka 20 kila upande ulishikilia neno lake, na msomaji wa majarida alilazimika kujua kwamba mawili hayo ni kitu kimoja. Hatimaye, mnamo 1958, Braun-Menéndez na Page walikubaliana kulikata kila jina nusu na kuziunga: anjio kutoka kwa mmoja, tensini kutoka kwa mwingine. Ndipo ikazaliwa anjiotensini. Ningependa kamati zetu za istilahi zikikumbuke kisa hiki kila zinapovutana.

Miaka miwili kabla ya sulhu hiyo, mnamo 1956, Leonard Skeggs na wenzake walionyesha kwamba kipande hicho hukatwa mara mbili. Yafikirie kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Renini hukata uzi mrefu na kutoa kipande cha shanga 10, ambacho hakina nguvu. Kisha kimeng'enya kingine, ambacho wataalamu hukifupisha ACE na ambacho kimejaa mapafuni, huondoa shanga mbili. Kipande cha shanga 8 kinachobaki ndicho anjiotensini ya pili, homoni kali inayokaza mishipa, inayochochea kutolewa kwa aldosteroni ili mwili uzuie chumvi, na inayoziamrisha chembe za moyo zinenepe. Mmoja wa waliobainisha mpangilio wa shanga hizo mwaka huo huo wa 1956 alikuwa Mwingereza Stanley Peart. Jina lake limo pia miongoni mwa waandishi wa ule utafiti wa Waluo wa 1990, pamoja na la Mkenya Mugambi. Maabara ya London na vijiji vya Nyanza havikuwa mbali kama tunavyodhani.

Tukomee kidogo kwenye neno kimeng'enya. Somo la sayansi hapa kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Mkenya aliyesoma hadi chuo kikuu anaweza kustaafu bila kukutana na neno hili. Wengine hulicheka. Mimi naona ni neno lililoundwa kwa akili. Katika miaka ya 1870, Wilhelm Kühne wa Ujerumani aliliunda neno la asili kutokana na Kigiriki, akimaanisha kitu kilichomo ndani ya hamira. Sisi tulianzia kwenye mmeng'enyo wa chakula tumboni, yaani kuvunjavunja kitu kikubwa kiwe vipande vidogo. Na kuvunja ndiko hasa kunakofanywa na renini na ACE. Neno homoni nalo lilianza kutumiwa na Ernest Starling huko London mnamo 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Wapo walioliita kichocheo kwa Kiswahili. Shida ni kwamba kichocheo hutumiwa pia katika kemia kwa kitu kinachoharakisha mabadiliko, na kimeng'enya chenyewe ni kichocheo kwa maana hiyo. Kwa sababu hiyo naunga mkono homoni. Kukopa neno si aibu ikiwa kulitafsiri kutaleta mkanganyiko.

Lakini je, mwili huacha tu moyo ujijengee ukuta bila ulinzi? La hasha. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, Kanada, alichukua dondoo ya vyumba vya juu vya moyo wa panya akawadunga panya wengine. Wakakojoa maji na chumvi kwa wingi, na shinikizo lao likashuka. Tangu William Harvey alipoandika mnamo 1628, moyo ulihesabiwa kuwa pampu. Kumbe pia hutoa homoni! Moyo ukielemewa na kunyooshwa na damu nyingi, hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze chumvi na mishipa ilegee, na homoni hiyo huzizuia chembe za moyo zisinenepe ovyo. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha homoni hiyo hupata moyo mnene kupita kiasi. Waswahili tangu jadi husema "moyo wangu waniambia". Sayansi imechelewa kukiri kwamba moyo kweli hutuma ujumbe.

Mlinzi wa pili aligunduliwa mwaka 2000 na vikundi viwili vilivyofanya kazi kila kimoja kivyake. Ni kimeng'enya ndugu wa ACE, kikaitwa ACE2. Ndugu hawa wawili hawafanani tabia. ACE hutengeneza ile homoni kali ya shanga 8. ACE2 huikata shanga moja zaidi, na kipande cha shanga 7 kinachobaki hulegeza mishipa na, kama majaribio ya wanyama yanavyoonyesha, huzuia misuli ya moyo isinenepe na isipate makovu. Ukipenda, mmoja hunoa kisu na mwingine hukirudisha alani. Mwaka 2020 dunia nzima ilisikia jina la ACE2 kwa sababu nyingine: ndio mlango ambao virusi vya korona huutumia kuingia ndani ya chembe zetu.

Dawa nyingi tunazomeza leo zilitokana na ujuzi huu. Katika miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira aligundua kwamba sumu ya nyoka wa kwao, jararaca, wa jamaa ya kifutu, ina kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa kinamzuia ACE. Alikipeleka London kwa John Vane, na kutokana na mawazo hayo wanakemia David Cushman na Miguel Ondetti huko Marekani wakaunda kaptoprili mnamo 1975. Enalaprili ni mdogo wake, na losartani huziba mahali ambapo homoni ile kali ingeshika. Jambo ambalo kaka yangu hakuelezwa kwa lugha aliyoielewa ni kwamba dawa hizi hazishushi nambari kwenye mashine peke yake. Zikitumiwa bila kukatizwa, ukuta ulionenepa unaweza kupungua unene. Ukuta huo hauonekani wala hauumi, na haujui kama mkopo umelipwa.

Nimtendee haki kaka yangu. Mawazo hupandisha shinikizo kweli, kwa njia ya adrenalini, na mtu akitulia hushuka. Ila kuna shinikizo lisiloshuka hata mtu akilala usingizi wa pono. Hilo ndilo hujenga ukuta.

Tena si kila moyo mkubwa ni mgonjwa. Mnamo 1899 Salomon Henschen wa Sweden aliwagonga vifua watelezaji wa theluji akasikiliza mipaka ya mioyo yao, akaona kwamba washindi walikuwa na mioyo mikubwa. Vivyo hivyo kwa wakimbiaji wetu wanaopanda na kushuka milima ya Nyahururu, alikotoka Samuel Wanjiru aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Moyo wa mkimbiaji hukua ukuta na chumba kwa pamoja, hubaki laini, na mazoezi yakikoma huelekea kurudi ulivyokuwa. Homoni zinazouongoza ni nyingine, zile za ukuaji wa kawaida. Moyo wa mwenye presha hukua kwa kulazimishwa. Kiswahili kinachoviita vyote viwili "moyo mkubwa" hakijamsaidia mkimbiaji wala dereva. Na mtu aliyezoea kuambiwa kanisani au msikitini awe na moyo mkuu anaweza hata kudhani amesifiwa.

Napendekeza basi mambo matatu, nayo si magumu. Ukuta ukiwa mnene, tuseme misuli ya moyo imenenepa. Chumba kikitanuka na kulegea, tuseme moyo umepanuka. Kufura tukuachie miguu na tumbo, ambako mgonjwa hukuona kwa macho yake. Na presha? Siwezi kulifukuza neno hilo mitaani, wala sitaki. Lakini anayemwambia mgonjwa habari zake aongeze neno moja tu, presha ya damu, kisha amweleze waziwazi kwamba inaweza kuwapo hata siku ambayo hana wasiwasi wowote. Shinikizo la damu ni neno zuri pia. Shinikizo ni chombo cha kukamulia, na anayekijua chombo hicho hatauliza kama miwa ina mawazo.

Kaka yangu siku hizi anakaa kwake, anameza dawa zake asubuhi baada ya chai, na akipanda kilima kwenda kanisani hupumzika mara mbili njiani. Majuzi nilimsomea sehemu ya makala haya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa kwa nini hawakuniambia ni ukuta? Ukuta mimi naujua." Sikuwa na jibu. Nalirusha swali lake kwa kila anayemhudumia mgonjwa kwa Kiswahili, na kwetu sisi tunaodai kuwa walinzi wa lugha hii.